Kitabu cha Kuazima Husitiri

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuandika tasnifu. Nilipokuwa nasoma Marekani, sehemu kubwa ya rejea zangu ilitoka kwenye vitabu ambavyo maktaba ya chuo changu haikuwa navyo. Vilikuja kwa posta kutoka vyuo vingine, kwa huduma ya kuazimana kati ya maktaba, ambayo wenyewe huiita ILL. Baadaye nikapata kibarua kwenye ofisi hiyohiyo, nikawa nafungua vifurushi na kujibu maswali. Wenzangu wa kutoka nyumbani walikuwa hawakanyagi pale. Nikiwauliza sababu, majibu yalikuwa yaleyale.

"Nimetafuta kwenye katalogi, hakipo."

Katalogi ya chuo inakuonyesha vya humo ndani tu. Ukitaka kujua vya majirani, fungua WorldCat, orodha ya pamoja ya maelfu ya maktaba. Inaendeshwa na OCLC, shirika lililoanzishwa na vyuo vya jimbo la Ohio mwaka 1967, na tangu 1979 maombi ya kuazimana nayo hupitia kwenye mfumo wake. Kutafuta ni bure, hata ukiwa Mbeya. Ukishajaza fomu ya ILL ya chuo chako, ofisi hupanga maktaba kadhaa kwenye foleni. Ya kwanza ikikataa au ikikaa kimya, ombi linahamia kwa inayofuata bila wewe kuhangaika.

"Vitabu vya Kiswahili watavitoa wapi Wazungu?"

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilishamtuma dada anitafutie riwaya Kariakoo, kumbe ipo majimbo mawili kutoka nilipokuwa naishi.

Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966. Kazi yake ni kukusanya vitabu, magazeti na majarida ya Afrika Mashariki na nchi za jirani, na haikusanyi kwa ajili ya Maktaba ya Bunge peke yake. Vyuo vikuu vilivyojiunga na mpango wake hupelekewa nakala zao. Chicago nako kuna Center for Research Libraries, iliyoanza mwaka 1949 ili kutunza kwa pamoja vitu ambavyo si rahisi chuo kimoja kuvimudu. Mradi wake wa CAMP ulianza mwaka 1963 kupiga mikrofilamu (picha ndogo za kurasa kwenye filamu) za magazeti na nyaraka za Afrika, na chuo mwanachama huziazima kama vitabu vingine. Kwa hiyo riwaya iliyochapwa Dar miaka ya 1970 ikaisha madukani, huenda ukaipata upesi zaidi ukiwa Wisconsin kuliko ukiwa Ilala. Inauma kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Ukitafuta, jaribu jina la mwandishi kwa namna zote mbili. Katalogi zao hutanguliza jina la mwisho, na majina yetu mara nyingine hugeuzwa kichwa chini, au yameandikwa kwa tahajia ya Kiarabu wakati wewe umeandika ya Kiswahili.

"Nitatozwa hela."

Marekani kwa kawaida mwanafunzi halipi kitu. Uingereza baadhi ya vyuo hutoza pauni chache kwa kila ombi, kwa hiyo uliza kwanza. Kinachokula hela ni kuchelewesha na kupoteza: ukipoteza utalipa bei ya kitabu, na mara nyingi ada juu yake.

"Mpaka kifike nitakuwa nimeshahitimu."

Tenganisha kitabu na makala. Kitabu husafiri kwa gari, kikachukua wiki moja au mbili, na kikitoka nje ya nchi zaidi ya hapo. Makala haisafiri, inapigwa skani tu. Julai 1997 mafuriko yaliingia chini ya maktaba ya Colorado State University, mjini Fort Collins, yakaharibu takriban vitabu na majarida nusu milioni. Wakutubi wakajikuta na wanafunzi wanaotaka makala ambazo juzi zilikuwa rafuni. Wakatengeneza mfumo wa kuziomba haraka kwa maktaba nyingine, wakauita RapidILL, na baadaye vyuo vingi vikajiunga. Leo makala inayopitia huko mara nyingi inakufikia ndani ya saa 24. Niliwahi kuona ombi la usiku likijibiwa kabla mwombaji hajanywa chai.

"Kikishafika ni kama cha chuo chetu."

Hapana, na hapa ndipo ugomvi huanzia. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri: pesa unakopa, ukarudisha noti nyingine, kitabu unaazima, nacho hurudi kilekile. Tarehe ya kurudisha inawekwa na mwenye kitabu. Ukitaka kuongezewa muda, omba kabla tarehe haijapita, na mwenyewe anaweza kukataa. Ule ukanda wa karatasi unaozunguka jalada usiuchane, ndio unaotuambia kitabu ni cha nani na kirudi lini. Kikija na maneno kwamba kisomewe maktabani tu, hata machozi hayatasaidia.

"Naagiza chochote ninachotaka."

Vitabu vya kiada vya muhula, vilivyotoka jana, na vya nadra sana, maktaba nyingi hazivitoi. Vya kielektroniki pia ni shida, kwa sababu leseni nyingi zinakataza kuazimisha kitabu kizima. Omba sura moja. Kuna pia jambo la hakimiliki. Marekani, mwongozo wa CONTU, tume ya taifa iliyoshughulikia hakimiliki, unaelekeza maktaba isiombe makala zaidi ya 5 kwa mwaka kutoka jarida moja, kwa matoleo ya miaka 5 ya karibuni. Ikizidi, maktaba hulipia au hutafuta njia nyingine. Hesabu hiyo ni ya maktaba nzima, si ya kwako, kwa hiyo usijinyime.

"Ni ya maprofesa."

Kitambulisho cha mwanafunzi kinatosha.

"Wakikataa, basi."

Soma sababu waliyoandika. Mara nyingi ni kwamba nakala zote zimeazimwa, au fomu ilitaja toleo moja wakati lolote lingekufaa. Rekebisha, tuma tena. Na kuna ofisi ambazo kitabu kikikosekana kabisa, hukinunua. Riwaya moja ya Kiswahili niliyoiomba ilikosekana hivyo, ikaagizwa, nikaisoma wa kwanza kabla haijawekwa rafuni. Niliporudi kuitafuta mwaka uliofuata haikuwepo: ilikuwa imeazimwa na chuo kingine.