Skrini ya glosi na skrini ya mati: tofauti yao na ipi ya kununua

Skrini ya laptopu ya glosi na ya mati hutofautiana kwa kitu kimoja tu: uso wa utando wa mbele kabisa, ule unaoguswa na kidole. Nyuma yake, taa, pikseli na vichujio vya rangi vinaweza kuwa vile vile. Ya glosi ina uso laini. Ya mati uso wake umetiwa vipele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kutawanya mwanga wa nje unaoigonga skrini.

Ziwa likiwa limetulia alfajiri pale ufukweni Dunga, Kisumu, mtumbwi huonekana mzima ndani ya maji. Upepo wa alasiri ukianza kuvuma, umbo la mtumbwi hupotea na maji yote humetameta. Mwanga ni ule ule, umetawanyika tu. Wauzaji wengi huliruka hilo: mati haiufuti mwanga, huusambaza. Kioo laini kisichopakwa kitu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokigonga kwa mbele. Kwenye glosi, asilimia hiyo hurudi ikiwa na umbo la dirisha, la balbu au la uso wako. Kwenye mati hurudi kama ukungu usio na kingo.

Basi kila upande una gharama yake. Chumba kikiwa na giza kiasi, glosi hushinda bila ubishi: nyeusi ni nyeusi kweli, na rangi zina kina. Washa taa kadhaa za dari na hali hugeuka. Kwenye mati nyeusi hugeuka kijivu kidogo, lakini maandishi husomeka popote kwenye skrini. Kwenye glosi kuna sehemu safi kabisa na sehemu iliyozibwa na picha ya dirisha. Picha hiyo huchosha macho kwa sababu ya umbali wake: dirisha lililo mita 3 kutoka kwenye skrini huonekana kana kwamba liko mita 3 nyuma ya skrini, huku maandishi yakiwa nusu mita tu kutoka kwako. Macho huvutwa huku na kule.

Mati nayo ina kasoro ambayo haionekani kwenye picha za matangazo. Vile vipele hupinda mwanga wa pikseli zenyewe, na kwenye ukurasa mweupe utaona chembechembe za rangi rangi, kama mchanga. Vipele vya utando vikiwa vikubwa na pikseli zikiwa ndogo, chembe huzidi. Karatasi ya vipimo vya paneli, yaani skrini yenyewe bila ganda lake, huonyesha jambo hili kwa asilimia ya ukungu, kwa mfano 25. Namba ikipanda, picha za vitu vinavyojiakisi hupungua na mara nyingi chembe huongezeka. Herufi AG kwenye karatasi hiyo humaanisha mati. AR ni kitu kingine: ni mpako mwembamba unaopunguza kweli mwanga unaorudi, na unaweza kuwekwa juu ya glosi au mati. Glosi yenye AR nzuri si ya kudharauliwa.

Sasa mwanga wa huku kwetu. Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza mashariki na kutua magharibi bila kupotoka sana. Dirisha la magharibi litakusumbua kuanzia saa kumi alasiri, la mashariki hadi kama saa tatu asubuhi, na la kaskazini au kusini halitakusumbua sana. Weka meza ili dirisha liwe ubavuni mwako, si mgongoni. Hilo peke yake huondoa nusu ya sababu za kutaka mati.

Nje ni hesabu nyingine. Ofisi ya kawaida ina mwanga wa laksi 300 hadi 500 (laksi hupima mwanga unaoangukia mahali). Jua la mchana hukaribia laksi 100,000, na kibarazani kwenye kivuli kilicho wazi unaweza kupata 10,000. Shati jeupe kwenye kivuli hicho hung'aa kwa takriban niti 2,500 (niti hupima mwangaza unaotoka kwenye kitu hadi jichoni). Asilimia 4 yake ni niti 100, na hizo hutua juu ya skrini yako ya glosi. Laptopu nyingi za bei nafuu hutoa niti 250 tu zikiwashwa hadi mwisho, kwa hiyo shati lako lenyewe limefunika sehemu kubwa ya picha. Vaa shati jeusi, si mzaha. Tena usidhani mati itakuokoa hapo: mati ya niti 250 kibarazani ni ukungu mtupu. Anayefanya kazi nje atafute niti 400 na zaidi kwanza, kisha ndipo aulize kuhusu uso. Akumbuke pia kwamba mwangaza ukipandishwa hadi mwisho betri huisha upesi, jambo linalouma zaidi stima ikipotea.

Dukani, usitegemee maneno ya muuzaji. Zima skrini, washa tochi ya simu na uishike umbali wa sentimita 30. Ukiona kitone chenye kingo kali, ni glosi. Ukiona doa pana lililofifia, ni mati. Kisha washa laptopu, fungua ukurasa mweupe mtupu na uangalie chembe kwa umbali wako wa kawaida wa kusoma. Laptopu zilizotumika kutoka maofisini, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, nyingi huwa za mati, ila zile za kugusa mara nyingi zina kioo mbele na ni glosi. Skrini za OLED, ambazo kila pikseli hujiwakia yenyewe, nyingi pia ni glosi. MacBook ni za glosi, ingawa tangu 2024 MacBook Pro huuzwa pia na kioo cha mati kwa nyongeza ya bei. Na IPS haina uhusiano na mati: IPS ni aina ya paneli, na inaweza kuwa na uso wowote kati ya hizo mbili.

Kwa mwanafunzi, karani, mwalimu au mtu wa hesabu anayehama kutoka meza hadi meza, chukua mati. Glosi imfae anayehariri picha au kutazama filamu katika chumba ambacho pazia na taa viko mikononi mwake.

Aliyekwisha kununua glosi anaweza kubandika utando wa mati, lakini utando huo huongeza chembe na kupunguza ukali wa maandishi, na vumbi moja likiingia chini huacha povu lisilotoka. Mara nyingi ni afadhali fundi abadilishe paneli nzima. Mwambie alinganishe ukubwa, idadi ya pikseli, masikio ya kufungia na pini za waya: paneli nyingi za kawaida za 1920 kwa 1080 hutumia pini 30, zile za kugusa mara nyingi 40, na haziingiliani. Iliyo na kioo cha kugusa kilichogundishwa, iache ilivyo.

Usafishaji nao hutofautiana. Glosi huonyesha kila alama ya kidole lakini hufutika kwa urahisi. Mati huficha alama hadi mafuta yajae kati ya vipele, ndipo sehemu hiyo ianze kung'aa. Tumia kitambaa cha maikrofaiba kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi yasiyo na chumvi, usipulizie maji kwenye skrini, na epuka dawa ya vioo yenye amonia. Ukisugua mati kwa nguvu vipele husagika, na doa linalong'aa lililotokana na hilo halitoki kwa dawa yoyote.