Henry Cowell, aliyefunua kifuniko cha piano

Wapiga piano wakinijia na maswali ya muziki wa majaribio, jina la kwanza huwa mtunzi John Cage, yule aliyechomeka skrubu na vipande vya mpira katikati ya nyuzi za piano. Mimi huwarudisha nyuma kidogo, kwa mwalimu wake Henry Cowell. Cage anastahili sifa zake, ila mlango alioingilia alikuta umeshafunguliwa.

Cowell, mtunzi Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1897, alianza tangu ujana kupiga piano kwa ngumi, kwa kiganja, hata kwa mkono mzima kuanzia kiwiko. Katika kipande chake The Tides of Manaunaun mkono wa kushoto unalala juu ya vibonyezo vya besi, nota zote za hapo zikalia kwa mpigo mmoja. Waliosema ni fujo hawakuitazama karatasi ya nota: kila rundo la nota limeandikwa linapoanzia, linapoishia na muda wake. Béla Bartók, mtunzi mwenye jina kubwa Ulaya, alimwomba ruhusa ya kuitumia mbinu hiyo.

Lakini kwa fundi wa piano kama mimi, utamu wenyewe uko kwenye kipande chake The Banshee cha mwaka 1925. Mtu mmoja anakaa kwenye vibonyezo bila kupiga hata kimoja. Kazi yake ni kukanyaga pedali tu, ili vipande vya sufu vinavyozima sauti viachane na nyuzi. Mpigaji mwenyewe amesimama pembeni, mikono ndani ya piano, akisugua nyuzi kwa urefu wake. Nyuzi za besi ni chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Kucha ikipita juu ya mizunguko hiyo, inatoka sauti kali ya kukwaruza. Ikipita nyama ya kidole, sauti inalainika na kuguna. Cowell aliandika kwa herufi wapi pa kutumia kucha, wapi nyama, wapi kudonoa. Nyundo haziwezi kabisa kutoa sauti hiyo, ambayo kweli inatisha: banshee ni mzuka wa kike wa hekaya za Ireland, na kilio chake hutangaza kifo.

Mawazo yake yalifika mbali. Katika kitabu chake New Musical Resources cha mwaka 1930 alipendekeza kwamba midundo inayovishinda vidole vya binadamu itobolewe kwenye karatasi za piano inayojipiga yenyewe. Mtunzi Conlon Nancarrow alikisoma, akahamia Mexico, akatoboa karatasi hizo kwa miaka mingi.

Ukitaka kujaribu, nawa mikono kwanza na uikaushe vizuri. Jasho lina chumvi, na kutu ikishaingia kwenye nyuzi, utaniita mimi. Vipande vya sufu usiviguse. Vikipinda, nota italia bila kukoma.