Mtoto Aliyevimba Miguu Hakunenepa: Maswali na Majibu Kuhusu Bwaki kwa Familia za Watwa Wasio na Ardhi

Maelezo haya yanahusu familia za Watwa, wenyeji wa asili wa msitu, wanaoishi kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tumeyaandika sisi tunaowatibu watoto hawa, kwa ajili ya wazazi, majirani, viongozi wa makanisa na wahudumu wa afya wanaowapokea.

Bwaki ni nini?

Ni utapiamlo mkali unaomvimbisha mtoto. Huanza miguuni, kisha hupanda mikononi na usoni. Nywele hupauka na kuwa nyekundunyekundu, ngozi hubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, na mtoto hukataa kula na kucheza, akashinda amenuna. Vitabuni huitwa unyafuzi au kwashiakoo. Humpata zaidi mtoto aliyeachishwa ziwa mapema kwa sababu mama amepata mimba nyingine, akahamishiwa ugali mtupu wa muhogo.

Mbona mtoto wangu ana mashavu? Si amenenepa?

Hapana, hakunenepa. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu wake, karibu na vidole, hesabu polepole hadi tatu, kisha uondoe kidole na utazame. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, hayo ni maji na wala si mafuta, na mtoto huyo ana utapiamlo mkali hata kama mizani inaonyesha kilo za kutosha, kwa maana mizani hupima maji pamoja na mtoto. Kwa mtoto asiyevimba, mwenye umri wa miezi 6 hadi 59, tunapima mkono wa juu kwa mkanda: chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Lakini aliyevimba hahitaji kusubiri mkanda. Mlete leo.

Wazee wanasema amerogwa. Je, tuanze kwa mganga au kwenye chumba cha maombi?

Msianze huko. Tunawaheshimu wazee, na hakuna mhudumu atakayemzuia mama kusali, ila maombi yanaweza kufanyika kando ya kitanda cha hospitali, tena kwa utulivu zaidi. Tunachokiona kila mara ni mtoto aliyekaa kwa mganga hadi uvimbe ukafika usoni, amechanjwa chale ambazo sasa zimeoza na ameingiziwa maji ya majani kwa njia ya haja kubwa, kisha analetwa amepoa mwili mzima na hawezi tena kunyonya. Mtoto huyo hakurogwa. Amekosa chakula, kisha amecheleweshwa.

Kwa nini njaa hii inawaandama Watwa hasa?

Kwa sababu waliondolewa mahali palipowalisha na hawakupewa pengine. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na maelfu ya Watwa wakatolewa katika msitu uliokuwa ukiwapa nyama, asali, uyoga, viazi vya mwituni na dawa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba haki zao zilivunjwa. Uamuzi huo, pamoja na uzito wake, haujajaza sufuria ya mtu.

Familia nyingi hujenga vibanda kwenye kipande cha ardhi cha mtu mwingine, na mwenye ardhi akibadili nia, wanahama. Wale wanaouliza kwa nini Watwa hawalimi, nao wako wengi hata miongoni mwa wenzetu waliosoma, wafikirie jambo moja: muhogo katika milima hii hukaa ardhini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuvunwa. Nani atapanda muhogo mahali ambapo hajui kama atakuwapo msimu ujao? Kwa hiyo mama huyo hulima shamba la jirani tangu asubuhi, jioni hulipwa muhogo mkavu kidogo, na chakula hicho huliwa usiku huohuo bila maharage wala samaki. Kumwita mvivu ni utovu wa adabu, na kunamfanya aone aibu kuja kituoni.

Je, tungoje siku chache tupate malipo ya kibarua ndipo tuje?

Msingoje. Mtoto mwenye bwaki anaweza kufariki usiku mmoja kwa kupungukiwa sukari mwilini au kwa baridi, na anaweza kuwa na homa ya mapafu bila joto lolote kupanda. Kutokuwa na homa si dalili ya nafuu. Mpendekezeni mtu mmoja abaki na watoto wengine, na mama aondoke hata kama mfukoni hamna kitu. Nanyi wahudumu, ninyi mnaomwambia Mtwa akae mwisho wa foleni au alipe kwanza ndipo mtoto atazamwe, mjue kwamba ucheleweshaji huo ni sawa na ule wa mganga.

Tufanye nini njiani?

Mbebeni mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na mfunikeni hadi kichwani. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kama yu macho na anaweza kumeza, mpeni kidogokidogo maji safi yenye sukari: kijiko kimoja kidogo cha sukari katika robo kikombe cha maji. Msimpe vidonge vya kukojoa ili uvimbe upungue. Msimpe dawa ya kuongeza damu ya dukani, kwani madini ya chuma katika siku za mwanzo humdhuru. Na kasiksi si chakula cha mtoto: pombe ya ndizi humlaza tu, nanyi mnadhani ameshiba.

Kwa nini hospitalini anapewa maziwa kidogo kidogo? Mbona mnamnyima?

Hatumnyimi. Moyo na ini vya mtoto huyu vimedhoofika, na akishibishwa ghafla anaweza kufa. Huanza na maziwa maalumu mepesi, kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Uvimbe ukianza kushuka na hamu ya chakula ikarudi, huongezewa. Katika siku hizo kilo hupungua kwa sababu maji yanatoka, na hapo ndipo akina mama wengi humchukua mtoto na kurudi nyumbani wakidhani anazidi kukonda. Tafadhali msiondoke.

Pakiti za siagi ya karanga tunazopewa, wengine nao wale?

Ni dawa ya mtoto mmoja. Tunafahamu kwamba nyumbani kuna watoto wengine wenye njaa, na mama kuwanyima mbele ya macho yao ni jambo gumu. Kwa hiyo atueleze bila woga, nao wapimwe. Wafanyabiashara wanaozinunua kwa mama huyo kwa bei ya sabuni na kuziuza sokoni, hao hatuna la kuwaeleza ila waache. Akipona, sambaza, yaani samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliotwangwa, kiasi cha kiganja, wachanganywe katika uji au sombe yake (mboga ya majani ya muhogo) kila inapowezekana.

Tukifukuzwa katika ardhi katikati ya matibabu?

Ondokeni na kadi ya mtoto, msiiache kibandani. Kituo kingine cha afya chenye huduma ya utapiamlo kitaisoma na kuendelea pale tulipoishia. Mkiweza, mtumeni mtu atuambie mmeelekea wapi, na mtoto apimwe ndani ya wiki hiyohiyo. Miguu ikivimba tena, hata kidogo, msisubiri siku ya kliniki.