"Alisoma LSE" maana yake nini?

Kila msimu wa maombi ya vyuo vya nje, dawati letu la ushauri wa masomo hupokea wazazi waliokuja na orodha mkononi. Ni orodha ya majina makubwa: marais, washindi wa tuzo ya Nobel, matajiri, mpaka mwimbaji wa Rolling Stones, na wote inasemekana "walisoma LSE". Mzazi huwa na swali moja tu: mwanangu naye akienda huko? Kabla ya kumjibu, huwa namwomba tulitazame kwanza hilo neno "walisoma".

LSE ni kifupi cha jina la Kiingereza la Chuo cha Uchumi na Sayansi ya Siasa cha London. Jina hilo huwapoteza watu mara mbili. Kwa Kiingereza linasema "shule" ilhali ni chuo kikuu, tena linataja uchumi ilhali ndani yake mna sheria, historia, falsafa, sosholojia na anthropolojia. Anayetaka utabibu au uhandisi atafute kwingine. Kilianzishwa mwaka 1895 na Sidney na Beatrice Webb, Graham Wallas na George Bernard Shaw, wanachama wa Jumuiya ya Fabian. Hao walikuwa wasoshalisti wapole, walioamini kwamba jamii hubadilishwa hatua kwa hatua, kwa uchunguzi na kwa sheria. Fedha za kuanzia zilitokana na wasia wa mwenzao, Henry Hunt Hutchinson.

Sasa turudi kwenye orodha. John F. Kennedy yumo, naye alijiandikisha mwaka 1935, akaugua, akarudi Marekani baada ya wiki chache. Mick Jagger aliacha masomo mwaka 1963, akaenda kuimba. Kwame Nkrumah alifika London mwaka 1945 akajisajili kwa uzamivu, lakini hakukaa sana darasani. Oktoba mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waandaaji wa Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, kule Manchester. Siwadharau hata kidogo. Nasema tu kwamba chuo hakiwezi kujisifia kazi ambayo hakikuifanya.

Jomo Kenyatta ni habari nyingine kabisa, na hapa huwa nakaa kidogo hata kama foleni ni ndefu. Alikuwa Uingereza kupeleka malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi yao. Riziki ilikuwa ya shida, na kwa muda alifanya kazi na wataalamu wa fonetiki wa chuo kingine cha London waliokuwa wakiichunguza lugha ya Kikuyu. Yeye alitamka, wao wakaandika. Katikati ya miaka ya 1930 akaingia LSE, kwenye semina ya Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia aliyesisitiza kwamba desturi ya watu haieleweki mpaka uione inavyofanya kazi katika maisha yao yote. Kenyatta hakuwa na shahada yoyote. Alichokuwa nacho ni kwamba aliyajua kutoka ndani mambo ambayo wenzake walihitaji mkalimani kuyapata.

Tasnifu yake ilichapishwa mwaka 1938 kwa jina la *Facing Mount Kenya*, na Malinowski akaiandikia dibaji. Sura ya ardhi ndiyo yenye makali. Anaeleza jinsi ukoo ulivyomiliki gĩthaka, yaani ardhi yake, nani alikuwa na haki ya kulima na nani alikuwa mpangaji tu. Ukiisoma kama maelezo ya mila ni elimu safi. Ukikumbuka kwamba walowezi walikuwa wakidai waliikuta ardhi haina mwenyewe, utaona ni hoja ya mahakamani iliyovaa joho la chuo. Kitabu kina udhaifu wake, na utetezi wake wa ukeketaji wa wasichana ni sehemu ambayo leo siwezi kuikubali. Lakini mtu aliyekuwa akichunguzwa aligeuka mchunguzi.

Arthur Lewis wa St. Lucia alitaka uhandisi, lakini alijua kwamba si serikali ya kikoloni wala mashamba ya miwa ambayo yangemwajiri mhandisi mweusi. Akachukua biashara LSE mwaka 1933, na mwaka 1938 akaanza kufundisha hapo, Mwafrika-Karibea wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Tuzo ya Nobel ya uchumi ilimfikia mwaka 1979. Mwai Kibaki alitoka Makerere na daraja la kwanza mwaka 1955, akaenda LSE kusomea fedha za umma, akarudi Makerere kufundisha. Baadaye alishika wizara ya fedha ya Kenya kwa zaidi ya miaka 10, na hatimaye urais. Kwake, somo na kazi vilikuwa kitu kimoja.

Orodha za matangazo huwasahau wengine kwa makusudi. Saif al-Islam Gaddafi, mwana wa mtawala wa Libya wakati huo, alipata uzamivu wake LSE mwaka 2008. Mwaka 2011, wakati Libya inawaka, suala la msaada wa fedha ulioahidiwa na taasisi yake lilimfanya mkurugenzi wa chuo, Howard Davies, ajiuzulu.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza, nami humuuliza: anataka kusoma nini hasa, na nani anaifundisha? Shahada ya kwanza huchukua miaka 3 na uzamili kwa kawaida mwaka 1, na gharama za London humaliza akiba haraka kuliko ada inavyoonyesha kwenye karatasi. Kuna pia programu za masafa ambazo LSE huandaa mitaala yake. Wanafunzi wengi wa kwetu huzisoma wakiwa nyumbani, na ni masomo mazito. Cheti chake, hata hivyo, hutolewa na Chuo Kikuu cha London. Wakala akikwambia utapata "digrii ya LSE" bila kupanda ndege, mwombe akuonyeshe nakala ya cheti, usome jina lililo juu.