Ndege Ilikuwa ya Nani?

Wazee wa hapa Lubumbashi, wakikumbuka vita mbili za 1977 na 1978 katika Shaba (ndilo jina la Katanga wakati wa Mobutu), hawasemi "Shaba ya kwanza" na "Shaba ya pili" kama tunavyoandika sisi wa chuo. Wanasema vita ya siku themanini na vita ya siku sita. Nafundisha historia ya uhusiano wa kimataifa, na wanafunzi wakiniuliza kwa nini mataifa makubwa huingia katika vita vya wengine, nawapeleka kwanza Kolwezi, kilomita mia tatu hivi kutoka hapa. Hilo la "kwa nini" naliweka kando kidogo. Nauliza: ndege ilikuwa ya nani?

Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, waasi Wakatanga waliokuwa uhamishoni, walivuka mpaka kutoka Angola. Wengi walikuwa masalia ya majandarme, askari wa Tshombe aliyeitenga Katanga mwaka 1960. Sisi tunawaita Matigre. Walichukua Dilolo, Kisenge na Mutshatsha, na jeshi la Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), likawa linarudi nyuma tu. Aprili wakaja Wamoroko 1,500 hivi, wamepakiwa katika ndege za Ufaransa. Paris ilitoa usafiri, Rabat ikatoa watu wa kufa. Mfaransa akishuka na bunduki yake, bunge lake litauliza na magazeti yatauliza. Mmoroko akishuka, itasemwa Waafrika wanasaidiana.

Mwaka uliofuata ujanja huo haukutosha. Tarehe 13 Mei 1978 Matigre, safari hii wakipitia Zambia, waliuingia mji wa Kolwezi wenyewe, penye shaba, kobalti na Wazungu wengi. Wafaransa na raia wengine wakiwa mikononi mwa waasi, rais wao Giscard d'Estaing hakuweza tena kumtuma mtu mwingine. Tarehe 19 Mei askari wa Legion, kikosi cha wageni cha jeshi la Ufaransa, waliruka kwa parashuti. Parashuti zenyewe zilikuwa za Kimarekani, mifuko yao ya mizigo ilikuwa ya Kifaransa, na vifungo vikakataa kushikana. Wakafunga kwa waya. Nakipenda kisa hicho cha waya kuliko hotuba zote za mwaka ule. Marekani ilileta ndege zake kubwa za C-141 kubeba mizigo na watu, lakini askari wake hawakupigana.

Wabelgiji walifika kesho yake wakitokea kambi ya Kamina. Brussels ilitaka kuwaokoa watu na kuondoka. Paris ilitaka pia Mobutu abaki kitini. Kwa hiyo marafiki wawili walikuwa katika mji mmoja, kila mmoja na kazi yake, na hawakufurahiana hata kidogo.

Kisha kuna karatasi. Mobutu alikuwa serikali inayotambuliwa, mwenye kiti Umoja wa Mataifa, kwa hiyo alipoomba msaada, waliokuja waliitwa wageni walioalikwa. Tshombe hakuwa na karatasi hiyo. Alipotangaza Katanga huru tarehe 11 Julai 1960, Ubelgiji ilimpa maofisa, kampuni ya migodi ya Union Minière ikamlipa kodi, lakini hakuna dola hata moja iliyomtambua, Ubelgiji yenyewe ikiwemo. Unalishwa jikoni, sebuleni huonyeshwi.

Na mgeni hula. Mobutu alikuwa ameiunga mkono FNLA ya Holden Roberto, wapinzani wa serikali ya Angola, ndiyo sababu Luanda haikuwa na haraka ya kuwazuia Matigre. Baada ya Kolwezi ilibidi apatane na Neto, rais wa Angola, kila mmoja awafunge waasi wa mwenzake. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo lilimweka Mjerumani, Erwin Blumenthal, ndani ya Benki ya Zaire asimamie hesabu. Rais Carter wa Marekani aliilaumu Cuba kwa uvamizi ule, Castro wa Cuba akakana. Katika darasa langu mjadala huo huchukua saa nzima, na mimi huuacha uchukue, maana kila upande ulihitaji adui mkubwa ili rafiki mdogo aonekane wa thamani.

Vita Baridi viliisha. Mwaka 1997 Matigre walewale, pamoja na watoto wao, walirudi wakiwa upande wa AFDL, waasi wa Laurent Kabila, safari hii wakisafirishwa na Angola. Mobutu alikuwa bado na karatasi yake, bado na kiti New York. Lubumbashi ilianguka Aprili, Kinshasa tarehe 17 Mei. Hakuna Mmoroko aliyeshuka, wala Legion.