Heroe mdogo si mtoto wa heroe mkubwa

Kuna mambo watu wanayakosea kuhusu heroe, na hii ya kwanza nimeisikia mpaka imenichosha. Mtu anaona kundi la heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, wengine warefu wengine wafupi, basi anasema wale wafupi ni watoto. Hapana jamani. Kinda wa heroe ni wa kijivu, ile pinki inamwingia baadaye kutoka kwenye chakula, kwa hiyo ukiona mfupi amekolea rangi ujue ni mtu mzima kabisa, tena spishi nyingine. Mkubwa ni Phoenicopterus roseus, mdogo ni Phoeniconaias minor, familia moja ila jenasi tofauti. Ukichanganyikiwa angalia mdomo: wa mdogo ni mwekundu mzito karibu na weusi, wa mkubwa ni pinki halafu ncha nyeusi.

Wengine wanasema ni ndugu wa korongo sababu ya miguu. DNA inasema ndugu yao wa karibu ni kibisi, yule mfupi anayepiga mbizi, na mimi mwenyewe ilinichukua muda kukubali.

Sasa ile kubwa: eti wadogo hawana shida maana wamejaa ziwa zima. Kweli ni wengi, wanakadiriwa kuzidi milioni 2, wakubwa hata milioni 1 hawafiki. Lakini kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, mdogo ndiye yuko kundi la wanaokaribia kuwa hatarini, mkubwa wala hana wasiwasi. Kwa nini? Mkubwa anakula vijidudu vya majini, vikamba, mabuu, na anazaa sehemu nyingi, Ulaya, Asia na Afrika. Mdogo anachagua, chakula chake hasa ni spirulina, vimelea vidogo vya majini kama mwani, na maziwa ya magadi yakijaa maji mengi ya mvua ile spirulina inapungua. Kuzaa ndio balaa zaidi, wa Afrika Mashariki karibu wote wanategemea Ziwa Natron tu, kule Tanzania, wanajenga viota vya tope kama vichuguu vidogo katikati ya magadi makali ambako fisi hathubutu kukanyaga. Usalama wote uko hapo, na hatari yote iko hapohapo, ndio maana mpango wa kiwanda cha magadi ulipotajwa pale watetezi wa ndege hawa walipiga kelele vile.