Je, wajua kwa nini tabaka la hewa lililo karibu na ardhi hubadilika juu ya vilima?

Sehemu ya chini kabisa ya angahewa, inayoathiriwa moja kwa moja na joto, unyevu na msuguano wa ardhi, huitwa tabaka la mpaka. Juu ya tambarare, mchana wa jua kali, unene wake hufikia kilomita 1 hadi 2. Usiku mtulivu usio na mawingu hupungua hadi mita mia moja au mbili tu. Ni rahisi kudhani kwamba penye vilima tabaka hilo hutanda juu yake kama shuka, lakini sivyo.

Asubuhi, miteremko inayoelekea jua hupata joto kabla ya bonde, na hewa inayoigusa hupungua uzito ikapanda ikiambaa mteremko. Wakati huo uso wa juu wa tabaka hufuata kwa kiasi umbo la ardhi. Kadiri mchana unavyosonga na hewa kuchanganyika kwa nguvu, uso huo huelekea kuwa sawa, hivyo tabaka huwa jembamba juu ya kilele na nene juu ya bonde. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopozwa na ardhi huwa nzito, hutiririka mteremkoni na kujikusanya bondeni, na ndiyo maana alfajiri moshi unaotoka bondeni hupanda kidogo tu, kisha ukatanda mlalo, ilhali katikati ya mteremko kuna joto zaidi kuliko chini.

Upepo nao una habari yake, na kwangu hapa ndipo penye uhondo wa jambo lenyewe. Mwaka 1982 na 1983 watafiti walisimamisha milingoti ya kupimia upepo kwenye kilima cha Askervein, Uskoti, chenye kimo cha mita 116 hivi. Mita 10 kutoka ardhini, upepo wa kileleni uliuzidi ule wa tambarare kwa takriban asilimia 80. Sababu ni kwamba mgandamizo wa hewa hupungua kileleni, na hewa inayopanda huvutwa kuelekea huko ikiongeza kasi, hasa ile iliyo karibu na ardhi. Upande wa pili, mteremko ukiwa mkali, mkondo huo huachana na ardhi na kuacha nyuma yake mizunguko ya hewa isiyotulia, ambayo huichosha mitambo ya umeme wa upepo iliyojengwa hapo.